Mgonjwa Aliyepewa Rufaa Bado Yuko Hatarini



Wapenzi wasomaji, mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze juu ya jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo bila kujiandaa. Mgonjwa amepelekwa zahanati, kituo cha afya au hospitali ndogo. Baada ya kumpima, daktari anasema, "Huyu hatumwezi hapa, inabidi aende hospitali kubwa." Tangu hapo ndugu wanaanza kungoja gari la wagonjwa. Saa moja inapita, ya pili inapita, na kila anayeulizwa anajibu, "Gari linakuja."

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa akishaandikiwa rufaa nusu ya matatizo yamekwisha. Sivyo. Karatasi ya rufaa maana yake ni kwamba mgonjwa anahitaji kitu ambacho mahali alipo hakipo: upasuaji, damu, oksijeni ya kutosha au daktari bingwa. Mpaka akipate kitu hicho, ugonjwa wake unaendelea na safari yake, hata kama gari bado halijawashwa.

Usiku mmoja ninaoukumbuka

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika wadi ya wazazi. Mama mmoja alikuwa amejifungua mtoto wake wa tatu katika kituo cha afya kilicho kilomita 40 kutoka kwetu. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma lilikataa kutoka na damu ikawa inamtoka. Saa 3:00 usiku aliandikiwa rufaa aje kwetu.

Gari la wagonjwa lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekwenda na mgonjwa mwingine. Lilirudi saa 5:30 usiku. Kwa sababu ya mvua, safari ilichukua saa 1 na dakika 15, na wakafika kwetu saa 6:45. Hakuna aliyetupigia simu kabla. Basi tukaanza kumtafuta mtaalamu wa maabara nyumbani kwake, kupima kundi la damu na kufungua chumba cha upasuaji. Saa 7:30 usiku, damu ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza inatundikwa, mama yule alifariki mikononi mwetu.

Asubuhi mume wake alinisimulia jambo ambalo sijalisahau. Alisema jirani yao mmoja alikuwa na pikapu, tena usiku ule ilikuwa imelala nyumbani, si mbali na kile kituo. "Dada, wangetuambia kwamba gari halipo, ningekwenda kumwamsha. Lakini tuliambiwa linakuja, nasi tukakaa."

Baadaye niliketi nikapiga hesabu. Tangu rufaa iandikwe mpaka mama afariki zilipita saa 4 na nusu. Barabara ilichukua saa 1 na dakika 15 tu. Saa 3 na dakika 15 zote zilikwenda katika kungoja: saa 2 na nusu kule alikotoka, na dakika 45 kwetu sisi. Tulizoea kuilaumu barabara na mvua. Usiku ule barabara haikuwa mkosaji mkubwa.

Ugonjwa haungoji gari

Tangu mwaka 1994 wataalamu wa afya ya uzazi wamekuwa wakifundisha juu ya ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta tiba. Wa pili ni kuchelewa kufika penye tiba. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tazama sasa: mgonjwa wa rufaa anapita humo zaidi ya mara moja. Anachelewa pale alipo, anachelewa njiani, kisha anaweza kuchelewa tena mlangoni mwa hospitali kubwa.

Kila ugonjwa una saa zake. Haya ni makadirio ya wastani ya muda tangu tatizo kuanza mpaka kifo, mama asipopata tiba:

- Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua: saa 2.
- Kutokwa damu nyingi kabla ya kujifungua: saa 12.
- Kupasuka kwa mfuko wa uzazi: siku 1.
- Kifafa cha mimba: siku 2.
- Uchungu uliokwama: siku 3.
- Maambukizo baada ya uzazi: siku 6.

Huo ni wastani. Wako wanaofariki mapema zaidi. Damu baada ya kujifungua ndiyo yenye haraka kuliko yote. Sababu ni kwamba mwishoni mwa mimba zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika, na mwili mzima wa mtu mzima una lita 5 hivi tu. Mfuko usipokaza baada ya mtoto kutoka, ni kama bomba lililoachwa wazi. Kitambaa au pedi ikilowa chapachapa ndani ya dakika 5, hiyo ni hatari. Mwite muuguzi pale pale, hata kama alikuja kumtazama muda si mrefu.

Si wazazi tu wanaohusika. Mtoto mwenye nimonia kali, mtu aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki, mwenye utumbo uliojikunja, mtoto njiti, wote hao kungoja kunawaumiza.

Hatari zinazojificha katika saa za kungoja

Katika miaka yangu ya kazi nimeona kwamba mgonjwa anayengoja gari huweza kusahaulika. Wahudumu wa pale alipo wanamhesabu kama ameshaondoka. Wahudumu wa kule aendako hawajamjua. Amebaki katikati. Hapo ndipo mambo haya hutokea:

1. Matibabu husimama. Dripu huisha isibadilishwe. Sindano ya saa fulani haitolewi kwa sababu inadhaniwa ataipata mbele ya safari. Presha haipimwi tena kwa kuwa ilishaandikwa kwenye fomu.

2. Oksijeni huisha njiani. Chukua mtungi mdogo wenye lita 680 za oksijeni. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, mtungi huo utakwisha kwa dakika 68. Kama gari lina safari ya saa 2, au mtungi ulianza kutumika wakati wa kungoja, hesabu hiyo ifanyike kabla ya kuondoka. Ikishindikana katikati ya pori, hakuna wa kumwomba.

3. Dawa hurudiwa au kurukwa. Fomu ya rufaa isipoonyesha ni dawa gani imetolewa, kiasi gani na saa ngapi, wanaompokea wanabaki kukisia. Dawa nyingine zikitolewa mara mbili ni sumu.

4. Mgonjwa hulazwa vibaya. Asiye na fahamu akilazwa chali, ulimi na matapishi huziba njia ya hewa. Yafaa alazwe ubavu. Mjamzito wa miezi ya mwisho akilala chali, mfuko wa uzazi hukandamiza mishipa mikubwa ya damu. Alale ubavu wa kushoto. Aliyevunjika mguu afungwe banzi kabla ya kuinuliwa. Lakini aliyeumia shingo au mgongo msimgeuze wala kumwinua wenyewe. Mwacheni muuguzi aongoze.

5. Mtoto mchanga hupoa. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 ameanza kupata baridi, na mtoto njiti hupoa upesi sana. Sukari yake nayo hushuka asipopata maziwa. Mtoto wa namna hii anaweza kutoka kituoni akiwa na nafuu, akafika hospitali kubwa hali yake ikiwa mbaya kabisa.

6. Ndugu hukata tamaa. Wakiona kimya kimezidi, wengine humnywesha mgonjwa dawa za mitishamba kwa siri, wengine humpakia kwenye bodaboda bila kuaga. Siwalaumu sana. Mtu asiyeambiwa ukweli hujitafutia njia. Lakini mgonjwa anayeondoka hivyo huondoka bila muuguzi, bila dripu na bila maandishi.

Kungoja nako ni kazi

Wazazi wangu, jueni haki ya mgonjwa wenu. Kabla gari halijafika, wahudumu wa afya wana mengi ya kufanya. Mama anayetokwa damu achomwe sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, tumbo lake lisuguliwe mpaka mfuko uwe mgumu, kibofu kitolewe mkojo, awekewe dripu na afunikwe asipate baridi. Mwenye kifafa cha mimba apewe dozi ya kwanza ya sindano ya kuzuia degedege hapo hapo, si huko aendako. Mwenye maambukizo makali aanzishiwe dawa kabla ya safari. Hali ya mgonjwa ipimwe mara kwa mara na kuandikwa pamoja na saa.

Kisha simu ipigwe kule mgonjwa anakokwenda. Nawaambia kwa uchungu, maana ile dakika 45 ya usiku ule ilikuwa yetu. Tungejulishwa saa 3:00, damu ingekuwa tayari, na daktari angekuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ile, hospitalini kwetu zamu ya usiku ikipokea simu ya rufaa huandika saa, jina la aliyepiga, ugonjwa na kitu kitakachohitajika, kisha humwamsha mtu wa maabara bila kungoja gari lionekane.

Maswali matano ambayo ndugu mnaweza kuuliza

Wapo wanaoogopa kuuliza wakidhani watamkasirisha muuguzi. Ulizeni kwa heshima na kwa sauti ya upole. Muuguzi mwema atawajibu, tena maswali yenu yanaweza kumkumbusha jambo.

1. Gari liko wapi sasa hivi, na litafika saa ngapi?
2. Je, kule tuendako wameshapigiwa simu? Nani ameipokea?
3. Ni mhudumu gani atakayesafiri na mgonjwa wetu?
4. Wakati tunangoja mgonjwa anafanyiwa nini, na tukiona dalili gani tukuite mara moja?
5. Gari lisipofika kwa saa hiyo, mpango wetu wa pili ni upi?

Swali la 5 ndilo kubwa. Kama kuna gari la jirani, la parokia au la biashara, lisemeni mapema. Muuguzi na daktari wataona kama mgonjwa anaweza kusafiri nalo salama, na mhudumu aende naye akiwa na dawa na karatasi. Gari la kawaida lenye muuguzi ndani, likiondoka sasa, kwa mama anayetokwa damu laweza kuwa bora kuliko gari zuri la wagonjwa litakalofika alfajiri. Lakini kwa mgonjwa anayetegemea oksijeni huenda isiwe hivyo. Kwa hiyo amueni pamoja na mhudumu.

Wakati huo ninyi nanyi fanyeni haya:

- Msimpe chakula wala kinywaji mgonjwa anayekwenda kupasuliwa, mpaka muuguzi akubali. Akipewa usingizi akiwa ameshiba, chakula chaweza kurudi na kuingia kwenye mapafu.
- Mtoto mchanga awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na mama yake, bibi au hata baba yake, avalishwe kofia na kufunikwa vizuri. Anyonyeshwe kama muuguzi ameruhusu.
- Teueni mtu mmoja wa kuamua na kutia sahihi. Nimeona mama akingoja kwa sababu shemeji anasema tumngoje kaka, na kaka simu yake imezimwa.
- Watayarisheni watu wawili au watatu wa kutoa damu waende hospitali kubwa mapema. Mtoaji awe na afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu hupimwa kwanza, kwa hiyo anayefika mapema ndiye anayesaidia.
- Chukueni kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, kanga safi, fedha kidogo na simu yenye chaji.

Msaada uliopo

Mungu ashukuriwe, hali imebadilika kuliko nilipoanza kazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hapa Tanzania. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Wengi wamefanya kazi kuleta nafuu hiyo, na usafiri wa rufaa ni sehemu yake.

Kuna mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama, ulioanza kueneza huduma nchi nzima mwaka 2022. Ni kwa ajili ya wajawazito, kina mama waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Anayepokea simu huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, huita dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na dereva huyo hulipwa na mpango wenyewe. Mama hadaiwi nauli. Iandikeni namba hiyo ukutani nyumbani, msiiweke katika simu ya baba peke yake.

Hata hivyo mpango huo haumfikii kila mgonjwa. Aliyepata ajali, mzee aliyepooza ghafla, mtoto wa miaka 4 mwenye nimonia, hao bado wanategemea gari la hospitali na ndugu zao. Hapo ndipo jumuiya zetu ndogo ndogo zina kazi. Wenye magari na pikipiki za magurudumu matatu katika kigango waandikwe, pamoja na namba zao za simu. Fedha kidogo ya mafuta iwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu. WAWATA na UWAKA wanaweza kuweka orodha ya watoaji damu. Vijana wa VIWAWA wanaweza kufukia mashimo kwenye njia ya kutoka kituo cha afya kabla ya masika. Na mjamzito anayeishi mbali, au aliyewahi kupasuliwa, ahamie karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zake, katika nyumba ya kungojea wajawazito au kwa ndugu. Kwa njia hiyo hatahitaji gari la usiku.

Msamaria alifanyaje?

Tunaijua vizuri habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Mimi kama muuguzi huisoma kama somo la rufaa. Hakumpakia majeruhi kwanza. Alianza kwa kumtibu pale pale barabarani, akamfunga majeraha na kumpaka mafuta na divai. Kisha akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, hakungoja mnyama wa mtu mwingine. Akasafiri naye mpaka nyumba ya wageni na kumtunza huko. Kesho yake alimkabidhi kwa mwenye nyumba, akalipa, akaahidi kupita tena. Kutibu kwanza, kutafuta chombo, kusindikiza, kukabidhi kwa maneno, na kurudi kuulizia. Hakuna hatua katika hizo ambayo sisi hatuwezi.

Yule mtoto aliyezaliwa usiku ule alilelewa na bibi yake, na baba yake sasa yumo katika orodha ya watoaji damu wa jumuiya yao. Kila mara anapokuja huuliza kama simu ya wadi inafanya kazi. Nami humjibu kwamba inafanya kazi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Gari la wagonjwa la karibu nasi liko wapi, na namba ya simu ya kuliita ni ipi?
2. Likiwa halipo, ni nani katika jumuiya yetu tunaweza kumwamsha usiku? Je, ameshaulizwa na kukubali?
3. Ni wajawazito wangapi katika jumuiya yetu miezi hii, na kila mmoja amepanga kujifungulia wapi?
4. Ni nani kati yetu yuko tayari kutoa damu?

Mungu awabariki, na Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.